Jino likishafika kwenye neva: jinsi ya kufanya ruti kanali mpaka mwisho, sio nusu nusu

Tuanze na hili maana ndo linaangusha wengi. Jino likikuuma wiki nzima hulali, halafu asubuhi moja unaamka limetulia kimya, usishangilie, hujapona. Ile nyama laini ya katikati ya jino, yenye neva na mishipa ya damu, imekufa, na kilichokufa hakiumi. Bakteria wao wako palepale, wanashuka taratibu kwenye mizizi mpaka kwenye mfupa wa taya, na siku wakikukumbusha mara nyingi uko safarini au ni sikukuu na kliniki zimefungwa.

Mimi sio dokta, kazi yangu ni kumsaidia dokta wa meno mle chumbani, nashika sakshen (ule mrija wa kunyonya mate), napanga faili (vijisindano vya kusafishia mizizi), nachanganya dawa, naita mgonjwa anayefuata, kwahiyo ruti kanali, yaani kutoa neva, kusafisha mizizi ya jino na kuijaza badala ya kuling'oa, nimeziona nyingi na zinazoharibika mara nyingi haziharibikii kwenye kiti, zinaharibikia nyumbani. Mtu kaja siku ya kwanza kasafishwa, maumivu yameisha, basi, hatumuoni tena mpaka jino limepasuka. Ndo maana naandika hii, ujue unaingilia wapi na unatokea wapi.

Kwanza jua jino lako limefika hatua gani

Ukinywa soda ya baridi jino likachoma sekunde mbili tatu likaacha, mara nyingi bado hujafika kwenye neva, tundu linasafishwa linazibwa siku hiyohiyo na hela yake ni ndogo. Wahi hapo, utakuwa umejiokolea kila kitu kinachofuata humu.

Ila likianza kuuma kwa baridi au kwa chai ya moto na likaendelea dakika nzima au zaidi hata baada ya kumeza, likawa linakuamsha usiku ukilala, linapwita, maumivu yanakimbilia sikioni na ukiulizwa ni la juu au la chini hujui, hiyo neva imeshavimba na hairudi tena ilivyokuwa. Kuna wagonjwa wanaingia na chupa ya maji ya baridi mkononi, anapiga funda, analishikilia upande wa jino, likipata joto anatema anapiga jingine, hata kuongea na wewe anaongea kwa ishara kwasababu baridi ndo kitu pekee kinachomtuliza. Ukifika huko usisubiri mwisho wa mwezi.

Hatua ya tatu ndo ile ya kimya niliyosema juu. Baridi halisikii kabisa, lakini ukitafuna linauma, unahisi kama limekuwa refu kuliko wenzake, au kwenye fizi kumetoka kijipele kinapasuka kinatoa maji yenye chumvi na harufu mbaya halafu kinarudi tena. Watu wanakichokonoa hicho kijipele na sindano wanadhani ni ugonjwa wa fizi, kumbe ni usaha wa kwenye ncha ya mzizi umejitafutia njia. Wengine hawana dalili yoyote, jino limebadilika rangi tu likawa la kijivu, hasa la mbele ambalo liliwahi kupigwa kwenye mpira au kuanguka.

Na kuna hatua ambayo sio ya kliniki ya meno ya mtaani tena: shavu au chini ya taya pamevimba na uvimbe unaongezeka, una homa, mdomo haufunguki vizuri, kumeza shida, sauti imebadilika au unahisi kubanwa pumzi. Hiyo ni hospitali kubwa, siku hiyohiyo, hata kama ni saa nane usiku. Usaha wa jino ukishuka chini ya ulimi na shingoni unaziba njia ya hewa na watu wanakufa nao, sikutishi.

Kabla hujafika kwa dokta

Hapa nina ugomvi na maduka ya dawa. Mtu anasema jino linauma anapewa amoksilini na Flagyl, anameza siku 5, linatulia, anarudi mtaani anasema dawa fulani ni kiboko. Antibayotiki inasafiri kwa damu, na ndani ya jino lililokufa hakuna damu inayopita, sasa dawa itafikaje? Hata pale neva ikiwa bado hai ila imevimba, antibayotiki haipunguzi hayo maumivu, Chama cha Madaktari wa Meno cha Marekani kwenye mwongozo wake wa 2019 kimesema wazi zisitolewe kwa mtu mzima mwenye afya zake pale ambapo jino lenyewe linaweza kutibiwa. Zina kazi yake ukiwa na homa au uvimbe unaosambaa, na hapo dokta atakwandikia mwenyewe. Nje ya hapo unawafundisha bakteria usugu bure.

Kinachosaidia wakati unasubiri miadi ni dawa ya maumivu inayopunguza uvimbe kama ibuprofen ya 400 baada ya kula, na unaweza kuchanganya na panadol mbili za 500, kwa mtu mzima, mara tatu kwa siku isizidi, siku chache tu. Ila kama una vidonda vya tumbo, figo, pumu inayoamshwa na dawa hizo, au ni mjamzito, ibuprofen achana nayo, baki na panadol. Kulala umeinua kichwa kwa mito miwili nako kunapunguza kupwita.

Karafuu inafanya kazi kweli, sio imani ya bibi tu. Ndani yake kuna eujeno, na hiyo hiyo eujeno tunayo kliniki kwenye kichupa, tunaichanganya na unga wa zinki oksaidi kutengeneza dawa ya kuziba kwa muda, ndo ile harufu inayokupokea mlangoni ukiingia kwa dokta wa meno. Weka punje moja karibu na jino uing'ate taratibu. Ila mafuta yake usiyamimine, yanaunguza fizi. Asprini nayo ni ya kumeza, ukiibandika kwenye fizi tunakuta nyama imekuwa nyeupe imeungua na jino bado linauma vilevile, sasa una matatizo mawili.

Uliza haya kabla hujakaa kwenye kiti

Dokta wa meno wa kawaida mwenye digrii, wale wanaosoma miaka 5 Muhimbili na kwingine, anaweza kufanya ruti kanali nyingi tu. Bingwa wa mizizi unamhitaji kwa kesi ngumu, mizizi iliyopinda sana, jino lililoshafanyiwa likaharibika, faili limekatikia ndani. Kung'oa kunafanyika sehemu nyingi zaidi, kwahiyo ukienda mahali ambapo wanajua kung'oa tu utaambiwa jino halifai hata kama linafaa. Tafuta maoni ya pili kabla hujatoa jino la kutafunia.

Muulize: mnapiga eksirei kabla na baada? Bila picha hakuna ruti kanali, ni kubahatisha gizani, ondoka. Muulize pia: mnatumia ule mpira wa kufunika jino? Nitaueleza mbele. Halafu swali la hela, na hapa watu wanaingia mkenge kweli, usiulize "ruti kanali bei gani", uliza "mpaka jino limevishwa krauni jumla ni bei gani" (krauni ni kofia ngumu inayofunika jino lote), maana utatajiwa bei ya kusafisha mizizi peke yake unafurahi, halafu picha bei yake, kuziba juu bei yake, krauni bei yake, na krauni mara nyingi inalingana au inazidi hiyo ya kwanza. Gego ni ghali kuliko jino la mbele na sio wizi, la mbele mara nyingi lina njia moja ya neva, gego la chini huwa na 3 au hata 4, na la juu mara nyingi lina njia ya nne nyembamba sana iliyojificha ambayo ikisahaulika ndo chanzo cha jino kurudi kuuma. Kama una bima piga simu kwanza uulize kama inalipa ruti kanali na kama inalipa krauni, ni maswali mawili tofauti.

Mwambie dokta kila kitu: presha, sukari, dawa za kupunguza damu kuganda, ujauzito, aleji. Wenye dawa za damu wengi wanaogopa bila sababu, ruti kanali haimwagi damu kama kung'oa, kwao mara nyingi ndo njia salama zaidi. Mjamzito anatibiwa, miezi ya katikati ndo mizuri.

Na kwa haki niseme, kuna jino ambalo kung'oa ndo sahihi. Limepasuka wima mpaka kwenye mzizi, limeoza mpaka chini ya fizi hakuna pa kushikia krauni, au linacheza kwasababu fizi na mfupa vimekwisha, hela yako usiimwage hapo. Vinginevyo pengo nalo lina gharama, meno ya pembeni yanalalia kwenye uwazi, la juu yake linashuka linatafuta mwenzake, miaka michache baadaye hutafuni vizuri upande huo na bei ya jino la kupandikiza inaizidi mbali hii unayoikimbia leo. Lile la kwamba ukigusa jino la juu utapofuka macho sijui limetoka wapi, neva ya jino na neva ya kuonea ni vitu viwili tofauti.

Kwenye kiti

Siku hiyo kula kabla, ushibe, maana ukitoka mdomo una ganzi masaa mawili matatu na ukitafuna utajing'ata shavu. Dawa zako za presha meza kama kawaida.

Dokta atagonga meno moja moja kwa nyuma ya kioo chake, ataweka pamba ya baridi, unataja lini unasikia na lini inaacha. Usiwe jasiri hapo, sema ukweli, ndo vipimo vyenyewe. Picha ikishasomwa inakuja sindano. Moyo ukienda mbio kidogo baada ya sindano usiogope, ganzi nyingi zina adrenalini ndani, inapita dakika chache. Jino la chini lililovimba neva linaweza kugoma kushika ganzi kwasababu penye uvimbe pana asidi na asidi inaidhoofisha dawa. Ukisikia maumivu inua mkono wa kushoto, dokta ataongeza sindano sehemu nyingine, hatakasirika. Kuvumilia kimya unatuchelewesha wote maana unaruka kwenye kiti na mimi sakshen inanitoka.

Kisha unavalishwa ule mpira. Ni karatasi ya raba ya kijani au bluu, tunaitoboa tundu moja, jino linachungulia hapo, kibanio cha chuma kinashika shingo ya jino, mdomo mwingine wote uko nyuma ya pazia. Wagonjwa hawaupendi dakika ya kwanza halafu wengine wanasinzia kabisa. Kazi yake kubwa, mate yako yana bakteria kibao na yakiingia kwenye mzizi kazi yote ni bure, pili kile kijifaili kikiponyoka kisiende kooni, tatu dawa isikumwagikie. Ulianza kutumika 1864, sio teknolojia mpya ya kuulizia bei.

Baada ya hapo dokta anatoboa juu ya jino mpaka chumba cha neva, wakati mwingine usaha unatoka wenyewe na unasikia mgonjwa anashusha pumzi. Anachukua faili, vijisindano vyenye meno madogo vya rangi rangi, zambarau ndo namba 10, nyeupe 15, njano 20, nyekundu 25, na rangi ni unene, anaanza na jembamba anapanda. Kamashine kadogo kenye waya uliopachikwa kwenye mdomo wako kanalia tii tii tii kupima urefu wa mzizi, asitoke nje ya ncha na asiishie juu sana. Siku hizi faili nyingi zinazungushwa na mota, zile za nikeli na titani zinazopinda, zinakwenda haraka.

Ila faili peke yake haisafishi, mizizi ina vichochoro ambavyo chuma hakifiki, kwahiyo kila baada ya faili anamwagilia dawa, na dawa yenyewe ni sodiamu haipokloraiti, yaani kilekile kilichomo kwenye Jik, kimepimwa kiasi chake na kinasukumwa polepole. Inayeyusha nyama iliyokufa na kuua wadudu. Ukisikia harufu ya siku ya kufua ndo hiyo. Usije ukasukutua Jik nyumbani sasa.

Jino lenye usaha mara nyingi halimalizwi siku moja. Anakuwekea ndani dawa nyeupe ya kalsiamu haidroksaidi, ambayo kikemia ni ileile chokaa ya tambuu ila imetengenezwa kwa usafi wa hospitali, anaziba juu kwa muda, unarudi baada ya wiki moja au mbili. Jino ambalo neva ilikuwa bado hai linaweza kuisha siku hiyohiyo, saa moja, saa moja na nusu.

Hapa katikati ndo watu wanapotelea

Unatoka kliniki hujisikii kitu, siku mbili tatu linauma kidogo ukitafuna, kisha amani kabisa, unaona jino limepona. Halijapona. Ndani ni tupu, lina chokaa, na juu kuna kizibo cha muda ambacho ni laini na kimetengenezwa kwa wiki chache tu. Kikianza kumomonyoka mate yanapenya, bakteria wanarudi kwenye mizizi iliyosafishwa vizuri, unaanza sifuri na hela nyingine. Kwahiyo miadi ya pili iandike kwenye simu ukiwa bado mapokezi. Kama tatizo ni hela sema palepale, wengi wanakubali ulipe kwa awamu kuliko upotee.

Siku hizo tafunia upande mwingine, karanga, mahindi ya kuchoma na miwa weka pembeni, mswaki piga kama kawaida hata hapo hapo. Kizibo kikitoka chote piga simu usisubiri tarehe. Ukivimba, au maumivu yakiongezeka badala ya kupungua baada ya siku ya tatu, rudi.

Siku ya kumaliza mizizi inajazwa gutapacha, vijiti vya rangi ya pinki, ni utomvu wa mti wa huko Malesia, na karne ya 19 utomvu huo ndo waliufunikia nyaya za telegrafu za chini ya bahari kwasababu hauozi kwenye maji. Ukishajazwa unapigwa picha ya mwisho. Omba uione. Mizizi inatakiwa ionekane na mstari mweupe uliojaa mpaka karibu na ncha, milimita moja hivi ndani yake, bila mapengo meusi katikati. Kama umeishia nusu ya mzizi uliza kwanini, ni haki yako na dokta mzuri atakuonyesha kwa kidole.

Krauni, usijadiliane nayo

Jino la mbele likiwa limetoboka kidogo linaweza kuishi na kuzibwa vizuri tu. Gego hapana. Limepoteza ukuta kwa kuoza na kwa kutobolewa, na wewe bado unalipa kazi ya kuvunja mifupa ya kuku. Linapasuka. Utafiti mmoja wa Marekani wa 2002 ulikuta meno yaliyofanyiwa ruti kanali bila krauni yanapotea mara 6 zaidi ya yale yenye krauni. Nimeona jino mizizi imejazwa safi kabisa, picha ya kupendeza, mtu akasema krauni ataweka mwakani, akaja na vipande viwili kwenye tishu. Hapo hakuna la kufanya zaidi ya kung'oa.

Krauni ya chuma inadumu na haina mbwembwe, ya chuma iliyofunikwa na kauri ina rangi ya jino, ya zirkonia (kauri nyeupe isiyo na chuma ndani) ni ngumu na nzuri na bei yake unaijua. Kwa gego la mwisho kabisa ambalo hata ukicheka halionekani, mimi ningeweka chuma nikabakiza hela. Kama krauni haiwezekani mwezi huu basi angalau kizibo cha kudumu kinachofunika vilele vyote vya jino, sio kile cha muda.

Likirudi kuuma

Zikifanywa vizuri nyingi zinafanikiwa, tunaongelea 8 au 9 kati ya 10, na jino linaweza kukaa miaka na miaka. Zinazobaki sio lazima zing'olewe. Inawezekana kufungua, kutoa gutapacha, kutafuta ile njia iliyosahaulika na kusafisha upya, au kufanyiwa upasuaji mdogo kupitia fizi kukata ncha ya mzizi. Hapo ndo mtafute yule bingwa.

Rudi upigwe picha miezi 6 mpaka mwaka baada ya kumaliza hata kama halikusumbui. Lile doa jeusi kwenye ncha ya mzizi ambalo lilikuwepo siku ya kwanza linatakiwa liwe limepungua au limejaa mfupa, na kama ni kubwa linaweza kuchukua hata miaka kuisha. Picha zako za zamani ziombe ukae nazo kwenye simu, kliniki zinahama, kompyuta zinakufa, na dokta mpya bila picha ya mwanzo hawezi kujua kama hilo doa linakua au linapona.